Utenzi Uliokatazwa Kwisha

Kwanza tuelewane. Utenzi ninaotaka kuuzungumzia ulitungwa na Mtukufu Hashimu Dawale, ubeti kwa ubeti, kwa kalamu yake na jasho lake mwenyewe. Mahakama imesema hivyo, na mimi si mtu wa kubishana na mahakama. Kwa hiyo yote utakayoyasoma hapa chini hayakutokea. Nimeyaandika tu ili ujue ni mambo gani hasa ambayo hayakutokea, usije ukadanganywa na watu wa mitaani.

Nchi yenyewe siitaji. Si kwenu. Ukiona inafanana na kwenu, hilo kazungumze na serikali yenu, mimi simo.

Tulipopata uhuru, waasisi wetu walikuwa watu wa mashairi. Walikaa kuandika Katiba, wakafika kwenye kifungu cha muda wa rais kukaa madarakani, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alitaka miaka minne, mwingine kumi, na mwingine, ambaye alikuwa anajiona rais tayari, alisema mambo ya miaka tumwachie Mungu. Ndipo akatokea wa kukata shauri. Tangu enzi za mababu, alisema, kila mtawala wa pande zetu alikuwa na malenga wa kumtungia utenzi wa utawala wake. Basi rais na atawale muda wote utenzi wake unapotungwa. Malenga akimaliza, rais naye amemaliza. Wote wakapiga makofi. Waliwajua washairi vizuri: hakuna awezaye kukaa kwenye kazi moja miaka mitano bila kugombana na mtu.

Na utenzi unakwisha vipi? Mtoto wa kwetu analijua hilo tangu yuko mgongoni. Ubeti una mishororo minne, na kila mshororo mizani nane, ambazo unaweza kuzihesabu kwa vidole na bado ukabaki na viwili vya kushikia kalamu. Mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne una kina chake ambacho hakibadiliki tangu mwanzo wa utenzi. Beti zinaweza kuwa mia, zinaweza kuwa elfu. Kisha siku moja mtunzi anataja jina lake: mtunzi ni mimi fulani. Huo ndio ubeti wa kaditamati. Jina likishatajwa, utenzi umefungwa, na kuongeza neno baada ya hapo ni sawa na kumwita bibi harusi arudi ukumbini wakati ameshalala kwa mumewe. Waasisi waliliandika jambo hili kwenye Katiba, wakampa Jaji Mkuu kazi ya kukaa na kulisubiri jina la mtunzi.

Ilikwenda vizuri. Malenga wa rais wa kwanza alimaliza mapema kwa sababu msimu wa karafuu ulikuwa umefika na alikuwa na shamba. Wa rais wa pili alimaliza kwa hasira, baada ya kukosana na Ikulu juu ya ubora wa wali. Marais wote wawili waliaga wakaenda kufuga, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha akaja Mtukufu Hashimu.

*

Mtukufu alimteua Bi Mwatime binti Shee kuwa malenga wake, na hapo lazima nimsifu, hakukosea. Bi Mwatime alikuwa mwanamke mnene, mla tambuu, mwenye mdomo usiojua kuazima adabu. Aliwahi kumaliza ugomvi wa shamba kati ya koo mbili kwa kuzitungia zote mbili beti za matusi, zikapatana palepale ili ziende kumshitaki. Siku ya kuapishwa alimwambia mumewe, Mzee Mkanga, "Nivumilie miaka minne mitano hivi. Nikishatia jina langu narudi nyumbani. Na hilo jina litakaa mle hata tukiwa mavumbi."

Mtukufu alitoa agizo moja tu la kisanii. Kina cha mshororo wa nne kiwe "mu", kwa kuwa jina lake, Hashimu, linaishia hapo. Bi Mwatime hakupinga. Kwetu maneno ya "mu" hayana idadi.

Mwaka wa nne ulipofika, Mtukufu aliisoma Katiba. Alikuwa rais wetu wa kwanza kuisoma, na tangu siku ile nina mashaka kama kitabu kile ni cha kuachwa mahali popote. Aliona kwamba waasisi hawakusema utenzi uwe na beti ngapi.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Utenzi wa Kudumu. Waziri wake alikuwa Profesa Chitete, mwenye shahada moja katika ushairi na nyingine katika kunyamaza. Kulikuwa na Idara ya Vina, yenye magari kumi na mawili. Kulikuwa na Kurugenzi ya Urefushaji, ambayo sina haja ya kueleza ilifanya nini. Na kulikuwa na Idara ya Mizani, ambako mimi niliajiriwa kuhesabu kwa vidole. Vidole vyangu vilikuwa mali ya umma na vilikaguliwa kila Jumatatu.

Bi Mwatime alihamishiwa nyumba iliyo nyuma ya Ikulu, akaambiwa atunge bila kufika popote. Alianza na asubuhi moja ya Mtukufu:

Akaamka Raisi,
Akavuta kwa wepesi
Sahani yenye nanasi,
Akalila kwa nidhamu.

Nanasi lile liliendelea kwa wiki tatu. Tulipofika kwenye chai, mimi nilikuwa nimepandishwa cheo.

Ikaonekana pia kwamba utenzi ni njia nafuu ya kuleta maendeleo. Barabara ya kwenda mikoa ya kaskazini ilitungwa yote, na kona zake na madaraja yake, ikasomwa redioni, na utepe ukakatwa mbele ya vipaza sauti. Wenye magari waliokwama kwenye tope walishauriwa wasikilize tena kwa makini. Hospitali yetu ya rufaa ilikuwa na vitanda mia tatu, vyote vyenye vina.

Hatari ilibaki moja: utenzi usije ukafungwa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo yalipigwa marufuku maneno yote ya kumalizia, yaani mwisho, hatima, tamati na kaditamati, pamoja na neno "basi" likisemwa kwa sauti ya kukata shauri. Adhabu ilikuwa kifungo, na hakimu hakuruhusiwa kumweleza mtu kitaisha lini. Kituo cha mwisho cha mabasi kikaitwa kituo cha kuendelea. Marefa walikatazwa kupuliza kipenga cha kumaliza mchezo, hivyo wachezaji wakawa wanatoroka mmoja mmoja kadiri njaa ilivyowapata. Wahubiri hawakubughudhiwa, maana wao walikuwa wanaifuata sheria hiyo kabla haijatungwa.

Jina la Bi Mwatime nalo likakatazwa, asije akalisikia likamtia tamaa. Kwenye mishahara aliandikwa Mhusika. Walinzi walimwita kwa kupiga mluzi. Mzee Mkanga, aliyeruhusiwa kumwona Jumapili huku askari ameketi katikati yao, alimwita "weye". Kila karatasi iliyotoka mikononi mwake ilipita kwa Ofisa wa Jina, bwana mmoja mwenye miwani minene aliyeajiriwa kutafuta neno moja tu, Mwatime, na kwa bidii yote aliyokuwa nayo hakuwahi kulipata.

Na kwa kuwa Katiba haikusema itakuwaje mtunzi akifa, walimtunza kama yai. Akipiga chafya, Baraza la Mawaziri lilikutana.

*

Miaka ilikwenda, ishirini na ushei. Watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa, na Mtukufu alikuwa bado hajafika chakula cha mchana.

Ila kulikuwa na tatizo ambalo Wizara haikulitazamia. Bi Mwatime hakuweza kutunga vibaya. Kurugenzi ilimtaka ajaze tu kurasa, naye alijaribu, nilimwona. Alikuwa akiandika ubeti wa hovyo, anautazama, anasonya, anaufuta, na mkono unaandika mzuri. Dirisha lake lilitazama bomba la mtaa. Siku moja, katikati ya hotuba ya Mtukufu kuhusu nidhamu ya kazi, tukapokea huu:

Wamesimama foleni,
Ndoo zao mikononi,
Maji hayamo bombani,
Wanakunywa tabasamu.

Profesa Chitete alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoa maelezo rasmi kwamba tabasamu linalotajwa ni lile la Mtukufu kwenye mabango, na kwamba kitaalamu lina unyevu wa kutosha. Ubeti ukapita. Baada ya wiki kila mtu aliyeshika ndoo nchini alikuwa anausema kwa moyo, na ikawa hivyo kwa mamia ya beti nyingine. Nawaambia bila kupepesa macho, utenzi ule ni kitu kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuvifanya kama taifa. Mtukufu aliutunga vizuri sana.

"Hongera, bi mkubwa," nilimwambia siku moja nilipokwenda kuchukua karatasi. "Watu wanalia redioni."

"Wanamlilia nani?" akaniuliza.

"Wanalia tu."

"Hapo ndipo panaponiuma," akasema. "Kufungiwa humu nimeshazoea, wali ni mzuri. Lakini nimemwaga maisha yangu yote mle ndani na hamna pa kuandika kwamba nilikuwepo. Nataka jina langu mle. Na nataka kwenda kwangu nikalale na mume wangu kabla hajawa mtu wa kusinzia tu. Ni mambo mawili hayo, na yote yako kwenye ubeti mmoja."

Nilimjibu kizalendo kwamba Taifa ndilo jina lake. Akanitemea tambuu kwenye kiatu.

*

Kila Ijumaa beti mpya zilisomwa Uwanja wa Taifa na msomaji wa serikali. Mtukufu aliketi jukwaani, watu wakapiga makofi, naye akainua mkono. Mambo yalikuwa matamu hivyo mpaka Ijumaa moja aliposhikwa na mafua, akabaki kitandani na redio. Makofi yalikuwa yaleyale. Tena yalizidi kidogo.

Alimwita Profesa Chitete akiwa bado na shuka begani. "Wanampigia nani makofi?"

"Wewe, Mtukufu."

"Mimi nilikuwa nimelala hapa napaka dawa ya kifua!"

Kuanzia siku ile hakula vizuri. Alikuwa na ndege, alikuwa na majumba, picha yake ilikuwa kwenye noti na kwenye viberiti, na sasa amegundua kuna kitu kimoja nchini ambacho si chake. Akaamua kuwa mshairi. Akaja mwenyewe kwenye nyumba ya nyuma, na ujumbe wa watu kumi na wanne, kujifunza.

Mshororo wake wa kwanza ulikuwa huu: "Mimi Rais wenu nawaambieni nyote popote mlipo kwamba nawapenda sana." Niliitwa kuhesabu. Vidole viliisha, nikaanza upya, vikaisha tena.

"Nane," nikasema.

"Mizani ya mkuu wa nchi," akafafanua Profesa Chitete, "huhesabiwa kwa uzito."

"Mtukufu," akasema Bi Mwatime, "huo si mshororo, huo ni msafara."

Mtukufu akamtazama, kisha akaangua kicheko. Nadhani ilikuwa imepita miaka mingi tangu aambiwe kweli, na hakukumbuka kwamba huwa fupi namna ile. Akavuta kiti karibu.

"Sasa niambie, mama. Nikijua kutunga, watu watajuaje kwamba mtunzi ni mimi?"

"Tangaza."

"Nimetangaza mambo mengi. Hata mimi mwenyewe siku hizi siyaamini."

Bi Mwatime aliweka kalamu mezani. Akajifunika upindo wa kanga mpaka mdomoni. Nilidhani anahisi baridi.

"Mtunzi hajulikani kwa tangazo," akasema polepole. "Mtunzi hujulikana kwa jina lake kukaa ndani ya utenzi wenyewe. Ubeti mmoja tu. Uwanja mzima ukausikia kwa kinywa chako."

Mtukufu akapigwa na uzuri wa wazo lile. Unaweza kuuliza, je, hakukumbuka kaditamati? Kwanza, neno lenyewe lilikuwa limekatazwa kwa miaka mingi na yeye alikuwa mtii wa amri zake. Pili, kichwani mwake jina la hatari lilikuwa moja, Mwatime, na lilikuwa na ofisa wake. Tatu, alikwishazoea kwamba sheria ni za watu wengine.

Profesa Chitete ndiye aliyekumbuka. Uso ulimbadilika rangi. "Mtukufu, samahani, ubeti wa namna hiyo ndio ule wa... yaani pale ambapo jambo lililokuwa likiendelea linakuwa..."

"Linakuwa nini, Profesa?"

Mlangoni ofisa wa usalama alikuwa ameshatoa kalamu, anasubiri neno.

"Linakuwa zuri, Mtukufu," akasema Profesa Chitete.

Ubeti ule ulichukua siku kadhaa. Sitasema nani alitunga mshororo upi, hilo lilishaamuliwa. Najua tu kwamba Bi Mwatime alikuwa na ubeti wake mwingine, wenye jina lake, aliouweka kichwani miaka yote ile akiung'arisha, na kwamba asubuhi ya siku ya mwisho alikaa dirishani bila kutaka kusemeshwa, macho mekundu. Karatasi ikaenda kwa Ofisa wa Jina. Akaisoma juu chini akitafuta Mwatime, hakuliona, akagonga muhuri. Ikaja kwangu. Nane, nane, nane, nane. Nilifurahi sana kwa ajili ya Mtukufu.

*

Ijumaa hiyo Mtukufu alisoma mwenyewe. Alivaa kanzu mpya na kofia iliyotariziwa. Profesa Chitete, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa akifanya ishara za mikono ambazo wengi tulidhani ni za kuongoza bendi. Mtukufu akakohoa, akatamka:

Mtungaji wa utenzi,
Mwenye nchi, mwenye enzi,
Niliyejaa mapenzi,
Jina langu ni Hashimu.

Kwenye safu ya mbele alikuwa ameketi Jaji Mkuu, mzee aliyekuwa amesinzia kwa heshima kwenye kiti kile tangu Mtukufu aingie madarakani. Alifumbua macho. Akasimama kwa shida, akamwendea Mkuu wa Majeshi, akamnong'oneza. Mpaka leo hatujui alitumia neno gani lisilokatazwa. Mkuu wa Majeshi alimpigia Mtukufu saluti ndefu, ya heshima kabisa, halafu akageuka akaondoka na askari wake wote. Dereva akaichomoa bendera kwenye gari, akaikunja, akaondoka nayo.

Hapo watu wakaelewa. Sijawahi kusikia kelele zile. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Walisema "basi!" kwa sauti ya kukata shauri, wakarudia ili waionje. Mtukufu aliinua mikono yote miwili, machozi yanamtiririka. "Mmeupenda!" akasema. "Mmeupenda!" Akausoma tena, na mara ya tatu uwanja mzima ulimwitikia. Aliposhuka hakukuwa na msafara, akapelekwa nyumbani na lori la vitunguu, akisalimiana na kila mtu njiani. Naapa hakuna rais aliyewahi kung'olewa akiwa na furaha namna ile.

Bi Mwatime alitoka kwa lango la nyuma na mkoba wake mmoja. Mzee Mkanga alikuwa anamngoja. Alimpokea mkoba, wakaenda zao kwa miguu.

*

Rais mpya alikuwa mtu wa kawaida tu. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuleta maji bombani, kitendo ambacho baadhi yetu wasomi tulikiona hakina ushairi. Watu walianza kumaliza mambo: mikutano, mechi, vifungo.

Mtukufu Hashimu sasa aliitwa Malenga Hashimu, na alikuwa anazunguka nchi nzima akitoa semina juu ya siri za utunzi mrefu. "Usiogope nanasi," aliwaambia washairi chipukizi. "Likikujia, nenda nalo." Waliandika.

Aliyekosa usingizi ni Profesa Chitete. Hakuwa na wizara, na zile shahada mbili hazikumpikia ugali. Akafungua kesi. Madai yake, kisheria, yalikuwa imara kama mlango wa benki: aliyetajwa kwenye ubeti wa kaditamati siye mtunzi wa kweli, kwa hiyo jina la mtunzi bado halijatajwa, kwa hiyo utenzi haujafungwa, kwa hiyo Hashimu bado ni rais na Chitete bado ni waziri. Waliokuwa na yale magari kumi na mawili ya Idara ya Vina walimchangia wakili.

Hashimu mwenyewe aliikataa kesi. "Niache sanaa nirudi kwenye siasa?" alisema mbele ya hakimu. "Nimetunga kila mshororo, nipo tayari kuapa!" Aliombwa atunge mmoja palepale, akajibu kwamba ilhamu haiagizwi kama soda. Hakimu akajikuna kichwa. Ikabaki shahidi mmoja wa kuamua.

Jioni ya kuamkia ushahidi nilikwenda kumsalimu Bi Mwatime. Nilimkuta anabishana na mumewe.

"Kesho waambie," Mzee Mkanga alikuwa akisema. "Miaka yote ile nimekula wali wa kuungua peke yangu. Waambie utenzi ni wako, jina lako lisimame."

"Nikisema ni wangu, anarudi."

"Mwenyewe hataki kurudi."

"Yeye hataki. Chitete anataka. Watamrudisha hata kwa machela, na mimi watanirudisha kule nyuma nikatunge mpaka nifie mezani."

"Na jina lako, mke wangu?"

Bi Mwatime alifunika uso kwa kanga. "Linaniuma," akasema. "Linaniuma kuliko nilivyofiwa na mama. Kunywa chai yako."

*

Mahakama ilijaa hadi madirishani. Wakili wa Profesa Chitete alimwendea Bi Mwatime kwa tabasamu la fisi.

"Bibi, wewe ndiye uliyekuwa ukitunga utenzi ule?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nachonga penseli."

"Miaka zaidi ya ishirini?"

"Zilikuwa nyingi."

Watu wakacheka. Wakili akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mteja wangu anaomba jambo moja. Shahidi atunge ubeti mmoja, hapa hapa. Kipaji ni kama mimba, hakifichiki."

Profesa Chitete hakuweza kujizuia, akasimama. "Nimefanya kazi naye, mheshimiwa! Mama huyu hawezi kutunga vibaya hata akitaka. Hata akiagiza chumvi dukani huagiza kwa mizani!"

Alisema kweli tupu, na sisi wa Wizara tuliinama. Hakimu akamwamuru shahidi atunge.

Bi Mwatime alishika ukingo wa kizimba, akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Vidole vyake vilikuwa vinagonga ubao, na mimi ninayeijua kazi ya vidole niliona vinavyofanya: vinagonga nane, vinasita, vinaanza tena, vinagonga nane. Vilikuwa vinakataa. Jasho lilimtoka, likafika shingoni. Watu walianza kunong'ona. Mara akakunja ngumi, akaikandamiza kifuani, akafumbua macho na kutamka:

Mheshimiwa hakimu mimi hapa leo nimekuja,
Nimekula wali,
Mchuzi wake ulikuwa mzuri ila chumvi haikutosha kabisa,
Asante.

Mahakama ilipasuka. Kulikuwa na watu waliokaa chini kwa kicheko. Hakimu alijificha nyuma ya jalada, mabega yakitikisika. "Anafanya makusudi!" alipiga kelele Profesa Chitete. "Makusudi hayo!" Hakuna aliyemsikia.

Mtu mmoja hakucheka. Malenga Hashimu aliinuka kutoka safu ya mbele, akaenda hadi kizimbani, akamwekea Bi Mwatime mkono begani. Alikuwa na huruma ya kweli, nilimwona machoni.

"Mama, usikate tamaa," akamwambia. "Ila mizani, mama, mizani! Uhesabu, nane nane. Kipaji Mungu hampi kila mtu, lakini mazoezi husaidia. Njoo kwenye semina yangu."

Mimi naujua mdomo wa Bi Mwatime. Niliziba masikio. Lakini alimtazama tu.

"Asante, Malenga," akasema. "Nitakuja."

Hakimu akatoa hukumu kabla kicheko hakijapoa. Shahidi hana uwezo wa kutunga. Mtunzi ni yule aliyetajwa. Utenzi umefungwa na kesi imekwisha. Watu wakasimama kumpigia makofi Malenga Hashimu, naye akainama kushoto na kulia. Bi Mwatime naye alisimama akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, na machozi yalimtoka bila kufutwa.

Gazeti la kesho yake liliweka picha yake ukurasa wa mbele. Lilieleza kwamba mama huyo aliangua kilio kwa aibu ya kushindwa ubeti mmoja, na kwamba Malenga Hashimu, kwa moyo wake mwema, amejitolea kumfundisha bure.